Kokwa Kumi

Alhamisi, sinema ikishatutema barabarani,
huvuka kwa Vardges kinyozi,
maana Gyumri mwezi wa pili
hapana mjadala unaoweza kusimama nje:
neno huganda kabla ya kumfikia mtu.

Ndani kuna jiko la kuni, viti viwili vya kunyolea,
benchi, na bakuli la bati la povu la sabuni.
Kila mmoja hupewa kokwa kumi za aprikoti,
za kiangazi kilichopita, kavu kama meno.
Unatia bakulini kadiri filamu inavyostahili,
mkono chini ya taulo, mwenzio asione,
ila sikio halifunikwi taulo:
ka, ka, ka,
tunahesabu na kujifanya hatuhesabu.

Ya leo ilihusu mwanamume aliyerudi kwao
baada ya miaka kumi na tisa, mitano gerezani,
aje auze nyumba ambamo mama yake angali anaishi.

Vardges katia nne. Angetia saba,
lakini jamaa katoka kifungoni asubuhi
na kisogo kimechongwa kwa wembe wa jana!
"Nani kamnyoa? Nionyesheni huyo askari magereza,
nimwajiri."
Tatu zimekatwa hapo, hazirudi.

Sahak wa teksi katia tisa.
Alikoroma tangu treni ilipofika stesheni
mpaka taa zikawashwa.
"Filamu inayokulaza vile haina ugomvi na mtu," asema.
"Ingekuwa mbaya ningeamka."
Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake:
Sahak huivuta kama blanketi.

Arpine ni mfamasia. Alitia sita,
akaomba kisu aongeze nusu.
Tukabishana juu ya nusu ile kuliko juu ya filamu:
kama kokwa hukatwa, kama muziki ulizidi chumvi,
kama theluji ilikuwa theluji au pamba.
Ilikuwa pamba. Theluji tunaijua sisi.

Mimi nilitia tano.
Tano ni alama ya mwoga: haina adui,
haiulizwi swali. Miaka ishirini na sita
nasahihisha mitihani ya jiografia,
najua nilifanyalo.

Akabaki Bi Hranush.
Miaka thelathini alikata tiketi kwenye kidirisha,
akaruhusiwa kuingia hesabu zikishafungwa,
basi alijua miisho tu: mabusu, makaburi,
treni zinazoondoka.
Sasa amestaafu, anaona mianzo,
na kila mara hushangaa:
"Kumbe walikuwa hawajuani!"

Mkono wake uliingia chini ya taulo, ukakaa.
Ka.

"Moja?" Sahak akaruka kama aliyetukaniwa mama.

"Filamu mbovu," akasema. "Maneno mengi,
na yule kijana hajui kulia.
Lakini mama, alipomwona mlangoni,
hakumkumbatia. Alifuta kiti kwa pindo la gauni.
Kiti kisafi. Akafuta tena.
Hiyo moja ni ya kiti."

Hakuna aliyekikumbuka.
Arpine alikuwa anatafuta miwani sakafuni,
Vardges alikuwa bado kisogoni,
Sahak tunajua alikokuwa;
nami nilikuwa natunga nitakayokuja kusema.
Bi Hranush akavunja kokwa nyingine kwa kisigino,
akatafuna kiini. Ni kichungu kile.
Hakukunja uso.

Jumla: ishirini na tano na nusu kwa hamsini.
Vardges akaiandika ukutani kwa chaki,
kando ya bei ya kunyoa ndevu.

Nilirudi kwa miguu, kokwa tano mfukoni zikigongana.
Jikoni nikamkuta binti yangu, katoka Yerevan
bila kupiga simu, mkoba ungali begani,
macho yamevimba kwa jambo ambalo hakulisema.
Nilitafuta neno, mimi msemaji.
Nikavuta kiti,
nikapitisha mkono wa koti juu yake,
mara mbili.
Hakikuwa na vumbi.

Alhamisi nitaomba mtihani wangu usahihishwe upya.